Zuio la Nyama ya Kuku Liseme Sababu Yake

Haya ni maneno kamili ya hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wa wafugaji wa kuku wa nyama, waagizaji, madaktari wa mifugo na maofisa wa forodha. Nayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, ndugu wafugaji, ndugu waagizaji na wauzaji wa nyama, madaktari wa mifugo, maofisa wa forodha, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi mliyonipa. Ukumbi huu umewakutanisha watu ambao kwa kawaida hukutana wakiwa wanashindana: mfugaji anayetaka nyama ya nje izuiwe, mwagizaji anayetaka ipite, daktari wa mifugo anayeulizwa kama nyama hiyo ni salama, na ofisa wa forodha anayetakiwa kutekeleza uamuzi ambao hakuutoa yeye. Nitasema nanyi nyote kwa pamoja, kwa sababu nililokuja kulisema linawahusu nyote kwa kiwango kile kile.

Nchi ina haki ya kuzuia nyama ya kuku isivuke mpaka wake. Haki hiyo siibishanii, na mikataba ya biashara ya dunia yenyewe haiibishanii. Ninachodai ni kwamba zuio liseme sababu yake ya kweli. Kama sababu ni ugonjwa, liseme ugonjwa, na lionyeshe ugonjwa huo uko wapi. Kama sababu ni bei isiyo ya haki, liseme bei, na lionyeshe hesabu. Kama sababu ni kumlinda mfugaji ambaye bado hajasimama, liseme hivyo mbele ya watu wote, na liseme ulinzi huo utakoma lini. Biashara hii imesumbuka kwa zaidi ya miaka sitini kwa sababu serikali, kubwa kwa ndogo, zimezoea kuazima sababu moja ili ifanye kazi ya nyingine.

Tuanze na kuku mwenyewe, maana yeye ndiye chanzo cha ugomvi.

Nani kati yenu anaweza kuniambia ni gharama gani kuzalisha mguu mmoja wa kuku? Namaanisha ile sehemu ya chini kabisa, yenye kucha. Hakuna mfugaji anayefuga miguu. Anafuga kuku mzima kwa wiki tano au sita, anamlisha mahindi na soya, ambavyo peke yake humeza sehemu kubwa ya gharama zake zote, kisha kuku huyo anaingia machinjioni na kutoka akiwa vipande vipande, na kila kipande kina mnunuzi wake. Mnunuzi wa Marekani na wa sehemu kubwa ya Ulaya anataka kidari, na kidari ndicho kinacholipia shamba. Mapaja hubaki, mabawa hubaki, miguu hubaki. Machinjio haiwezi kuchinja vidari peke yake, kwa hiyo kadiri watu wa kule wanavyozidi kupenda kidari, ndivyo mapaja na miguu inavyozidi kurundikana kwenye vyumba vya baridi na kutafuta soko ng'ambo kwa bei yoyote inayozidi gharama ya kuisafirisha.

Huo ndio moyo wa biashara ya kimataifa ya nyama ya kuku. Ukishauelewa, utaelewa kwa nini paja lililogandishwa linaweza kuvuka bahari na bado likauzwa kwa bei ambayo mfugaji wa nchi linakofikia hawezi kuikaribia, hata akiwa hodari kuliko wenzake wote. Yeye anauza kuku mzima na lazima kuku huyo mzima alipie chakula chake. Mwenzake wa mbali ameshalipwa na kidari. Je, hiyo ni hila? Je, ni ushindani wa haki? Jibu halipatikani kwa hasira. Linapatikana kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ngumu.

Kesi ya China na Marekani inalionyesha hilo vizuri. Mnamo Septemba 2009 Rais Obama aliweka ushuru wa ziada kwenye matairi kutoka China. Siku chache baadaye China ilitangaza kwamba inaanza kuchunguza nyama ya kuku kutoka Marekani, na mwaka uliofuata ikaweka ushuru wa kupinga bei ya kutupa, yaani ushuru dhidi ya bidhaa inayouzwa nje chini ya bei ya kwao au chini ya gharama yake, uliofikia kati ya asilimia 50.3 na asilimia 105.4. Sasa angalieni hesabu iliyotumika. Wachunguzi wa China walichukua gharama ya kumfuga na kumchinja kuku, wakaigawanya kwa uzito, kwamba kilo ya mguu na kilo ya kidari zibebe gharama sawa. Kwa njia hiyo, mguu ambao nchini Marekani ulikuwa karibu hauna thamani, na ambao mnunuzi wa China alikuwa tayari kuulipia bei nzuri kuliko mtu yeyote wa kwao, ukaonekana umeuzwa chini ya gharama. Yaani bidhaa iliyouzwa ghali kuliko kwao ilihukumiwa kuwa imetupwa.

Marekani ilipeleka shauri kwenye Shirika la Biashara Duniani. Agosti 2013 jopo lilitoa taarifa yake na kuona kwamba China haikueleza vya kutosha kwa nini iliikataa njia ya wazalishaji ya kugawa gharama kwa thamani na kuchagua uzito. Shauri liliendelea hadi hatua ya utekelezaji, na ushuru wenyewe uliondolewa Februari 2018. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi, na mjiulize kama suala lilikuwa miguu ya kuku au matairi.

Sisemi kwamba kila ushuru wa kupinga bei ya kutupa ni kisasi. Afrika Kusini iliweka ushuru wa namna hiyo kwa vipande vyenye mfupa kutoka Marekani tangu mwaka 2000, na wafugaji wake walikuwa na malalamiko ya kweli. Lakini hata huko, suala la kuku halikubaki kuwa suala la kuku. Mwaka 2015 muda wa AGOA, mpango wa Marekani wa kuruhusu bidhaa za nchi za Afrika kuingia kwake bila ushuru, ulipokuwa unaongezwa, wabunge wa Marekani kutoka majimbo yanayofuga kuku walidai soko la Afrika Kusini lifunguliwe, na mazungumzo yaliyofanyika Paris mwezi Juni mwaka huo yakamalizika kwa mgao wa tani 65,000 kwa mwaka ambazo zingeingia bila ushuru ule. Mfugaji wa Afrika Kusini aliona ulinzi wake ukipunguzwa ili bidhaa nyingine za nchi yake, ambazo hazina uhusiano wowote na banda lake, ziendelee kuingia Marekani. Ndugu wafugaji, mnapoomba kulindwa, jueni kwamba ulinzi huo unaingia kwenye meza moja na magari, matunda na mvinyo, na anayekaa kwenye meza hiyo huenda hajawahi kuingia banda la kuku.

Jambo la pili ninalotaka tulitazame ni umri wa vizuizi hivi. Vinaingia kwa dharura na vinakaa kwa mazoea.

Mwaka 1962 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilianza kutoza tozo mpya kwa nyama ya kuku kutoka nje. Kabla ya hapo, kuku wa Marekani waliofugwa kwa njia za kiwanda walikuwa wamefurika Ujerumani Magharibi kwa bei nafuu, na wafugaji wa Ulaya walikuwa wanalia. Tozo ilipoanza, mauzo ya Marekani yalianguka. Jopo la GATT, mkataba wa biashara uliotangulia Shirika la Biashara Duniani, lilikadiria hasara kuwa dola milioni 26, na Desemba 1963 Rais Johnson akalipiza kwa kupandisha ushuru wa bidhaa nne: brandi, wanga wa viazi, dekstrini na malori madogo, yaani pikapu. Pikapu zilichaguliwa kwa sababu Wajerumani walikuwa wanaziuza Marekani. Ushuru uliwekwa kuwa asilimia 25.

Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee, na Jumuiya ile imegeuka kuwa Umoja wa Ulaya. Ushuru wa asilimia 25 kwenye pikapu haujaondolewa hadi leo. Umewalinda watengenezaji wa magari wa Marekani kwa vizazi viwili, na umewalazimisha wengine kujenga viwanda ndani ya Marekani ili waukwepe. Kuku aliyeuanzisha amesahaulika kabisa. Ndiyo maana nasema zuio lolote lisiloandikwa tarehe ya mwisho halina mwisho, kwa sababu siku ya pili tu linapata watu wanaolitegemea, na watu hao hawatakubali liondoke hata sababu yake ikiisha.

Niongeze kisa kimoja kifupi, hasa kwa maofisa wa forodha. Katika miaka ya mwisho ya 1990 Brazil na Thailand zilikuwa zinapeleka Ulaya vidari vilivyogandishwa na kutiwa chumvi kidogo, kati ya asilimia 1.2 na asilimia 3 ya uzito. Vilipita kama nyama iliyotiwa chumvi na kulipiwa ushuru wa asilimia 15.4. Mwaka 2002 Ulaya ilibadili uainishaji, ikasema kwamba chumvi hiyo haitoshi kuihifadhi nyama, kwa hiyo hii ni nyama ya kawaida iliyogandishwa, na ushuru wake ni euro 102.4 kwa kila kilo mia. Nyama ni ile ile, chumvi ni ile ile, meli ni zile zile, lakini mlango umefungwa kwa kubadilisha mstari mmoja kwenye kitabu cha ushuru. Chombo cha Rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kiliikataa hoja ya Ulaya Septemba 2005. Baada ya hapo Ulaya ilirudi mezani, ikajadiliana na nchi hizo mbili, na mwaka 2007 ikafungua migao rasmi kwa ajili yao. Kwa maoni yangu walipaswa kuanzia hapo. Kama Ulaya iliona vidari vimezidi, ilikuwa na njia ya kusema wazi kwamba vimezidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niukubali mwaliko huu: ugonjwa.

Waheshimiwa madaktari wa mifugo, ninyi mnajua kuliko sisi sote kwamba mafua ya ndege ni hatari ya kweli. Katika mlipuko wa Marekani wa mwishoni mwa 2014 hadi katikati ya 2015, ndege wapatao milioni 50 walikufa au waliuawa ili kuzuia maambukizi. Hakuna serikali yenye akili itakayosubiri ugonjwa wa namna hiyo uingie kwanza ndipo ichukue hatua. Mkataba wa Hatua za Afya ya Binadamu, Wanyama na Mimea, ulioanza kutumika Januari 1995, unairuhusu kila nchi kujilinda. Unaitaka tu itegemee ushahidi wa kisayansi, isibague, na itambue kwamba ugonjwa unaweza kuwa katika sehemu moja ya nchi na usiwe katika sehemu nyingine. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa mara nyingi, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

India ilizuia nyama ya kuku na mayai kutoka nchi yoyote iliyoripoti mafua ya ndege, hata ya aina isiyo kali, na zuio lilihusu nchi nzima. Marekani haikuwa na aina kali ya ugonjwa baada ya 2004 hadi karibu mwisho wa 2014, lakini ilikuwa inaripoti aina isiyo kali, kwa hiyo ilifungiwa. Shauri lilipofika Shirika la Biashara Duniani, jopo mwaka 2014 na kisha Chombo cha Rufaa mwaka 2015 waliona kwamba India haikufanya tathmini ya hatari inavyotakiwa, na kwamba ilikwenda kinyume na viwango vya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Lakini kuna jambo lililojitokeza ambalo ningependa kila mmoja wenu alikumbuke. Ndani ya India yenyewe, mlipuko ulipotokea, hatua zilihusu eneo la kilomita kadhaa kuzunguka shamba lililoathirika, si nchi nzima. Na ile aina isiyo kali, ambayo India iliitumia kuwafungia wengine, ufuatiliaji wake wa ndani haukuwa na uwezo wa kuigundua nyumbani. Je, unaweza kumzuia jirani kwa ugonjwa ambao wewe mwenyewe huupimi?

Naomba tulifikirie swali hilo taratibu, kwa sababu madhara yake yanakwenda mbali kuliko biashara. Mfumo mzima wa kudhibiti mafua ya ndege duniani unategemea kitu kimoja: kwamba nchi itakapogundua kuku wagonjwa, itasema. Itapeleka sampuli maabara, itapokea majibu, itaarifu Paris, makao makuu ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, na dunia nzima itajua. Sasa jiwekeni katika nafasi ya ofisa anayejua kwamba kesi moja, katika shamba moja, katika wilaya moja, itafunga masoko ya nchi yake nzima kwa miezi au miaka. Ataharakisha kupeleka sampuli hiyo? Wakubwa wake watamshukuru? Zuio lililopita kiasi linamwadhibu anayesema ukweli na kumzawadia anayenyamaza, na kunyamaza ndiko kunakoueneza ugonjwa.

Tulishuhudia mtihani huu hivi karibuni. Mei 2025 Brazil, nchi inayouza nje nyama nyingi ya kuku kuliko nchi nyingine yoyote, takriban tani milioni tano kwa mwaka, ilithibitisha mafua ya ndege makali katika shamba la kibiashara kwa mara ya kwanza. Lilikuwa shamba la kuku wazazi, yaani wanaotaga mayai ya kutotolea vifaranga, katika manispaa ya Montenegro, jimbo la Rio Grande do Sul. Kwa masharti yaliyoandikwa kwenye vyeti vya afya vilivyokubaliwa zamani, soko la China na la Umoja wa Ulaya yalifungwa kwa Brazil nzima, nchi ambayo ukubwa wake unakaribia ule wa bara zima la Ulaya. Japani, kinyume chake, ilikuwa imekubaliana na Brazil mapema kuhusu kugawa kwa kanda, na ikalifungia eneo lililoathirika tu. Brazil ilisafisha shamba, ikahesabu siku 28 zinazotakiwa bila kesi nyingine ya kibiashara, na Juni ikajitangaza kuwa huru. China ilifungua mlango wake Novemba.

Oneni tofauti. Ugonjwa ni mmoja, shamba ni moja, ushahidi ni mmoja. Japani haikuwa na virusi dhaifu zaidi. Ilikuwa na karatasi iliyoandikwa vizuri zaidi, na ilikuwa imeiandika kabla ya siku ya hatari. Nawaomba wale mnaoandaa vyeti vya afya ya mifugo mlizingatie hili, kwa sababu siku mlipuko unapotangazwa hakuna tena nafasi ya kujadiliana kwa utulivu: wafugaji wanapiga kelele, magazeti yanaandika, na waziri anatakiwa atoe tamko kabla ya jua kuzama.

Wapo pia waliotafuta njia nyingine. Thailand ilipotangaza mlipuko Januari 2004, ilipoteza masoko yake makubwa ya nyama mbichi iliyogandishwa, ikiwemo Japani na Ulaya. Badala ya kubaki ikilalamika, sekta yake ilihamia kwenye nyama iliyopikwa, kwa sababu joto huviua virusi hivi: nyama ikifikia nyuzi 70 za Selsiasi ndani yake, sekunde chache tu zinatosha, na viwango vya kimataifa vinalitambua hilo. Ulaya iliruhusu tena nyama mbichi kutoka Thailand mwaka 2012, na Japani ikafuata mwishoni mwa 2013, lakini kufikia wakati huo Thailand ilikuwa imekwisha kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kuku aliyepikwa duniani. Siwaambii kwamba kila nchi inaweza kufanya hivyo, maana viwanda vya kupika vinahitaji mtaji, umeme wa uhakika na wakaguzi. Nawaambia tu kwamba zuio lililotaja hatari yake kwa usahihi, yaani virusi katika nyama mbichi, liliacha mlango kwa nyama ambayo haina hatari hiyo. Zuio lisemalo tu "kuku wa nchi ile hapana" lisingeuacha.

Ndugu zangu, nimewasema wakubwa. Haki inanitaka niseme pia kwa nini nchi changa zimejifunza kuutumia ugonjwa kama kisingizio, kwa sababu hazikujifunza zenyewe.

Mwaka 2003 Bunge la Ghana lilipitisha Sheria Namba 641 iliyopandisha ushuru wa nyama ya kuku kutoka asilimia 20 hadi asilimia 40. Ilikuwa hatua ya wazi, iliyojadiliwa bungeni, na iliyokuwa chini sana ya ukomo wa asilimia 99 ambao Ghana ilikuwa imeuahidi kwa bidhaa za kilimo katika Shirika la Biashara Duniani. Ndiyo njia hasa ninayoihubiri hapa leo. Ilikuwaje? Baada ya mashauriano na Shirika la Fedha la Kimataifa, utekelezaji ulisimamishwa ndani ya muda mfupi, wafugaji wakaenda mahakamani, na mwishowe sheria yenyewe ikafutwa. Mwaka 2005 Senegal ilipiga marufuku nyama ya kuku kutoka nje kwa sababu ya mafua ya ndege, na marufuku hiyo ikadumu kwa miaka mingi, na chini yake sekta ya kuku ya Senegal ikakua.

Mnaona somo ambalo dunia iliwafundisha wafugaji wa nchi hizo? Aliyesema wazi kwamba analinda wakulima wake alizuiwa. Aliyetaja ugonjwa aliachwa. Kama wakopeshaji na wauzaji wakubwa wanataka hatua za afya zisitumiwe vibaya, wakubali basi kwamba nchi inayopandisha ushuru ndani ya mipaka iliyoahidi inatumia haki yake, na waiache iitumie. Wasiufunge mlango wa mbele kisha wakashangaa watu wanapopita uani.

Lakini ulinzi nao una masharti yake, nami sitawaficha. Nigeria imepiga marufuku nyama ya kuku kutoka nje tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Nyama hiyo haikuacha kuingia. Ilihamia bandari ya Cotonou, katika nchi jirani ya Benin, ambako makontena ya kuku waliogandishwa yalipokelewa kwa wingi usiolingana hata kidogo na idadi ya walaji wa Benin, kisha ikavuka mpaka kwa magendo. Matokeo yake ni mabaya kuliko kama isingezuiwa: mfugaji bado anashindana na bei ile ile, serikali haipati ushuru, na mlaji anapata nyama iliyovushwa bila baridi na bila ukaguzi. Marufuku ambayo mpaka hauwezi kuitekeleza humlinda mfanyabiashara wa magendo peke yake.

Urusi ilikwenda njia nyingine. Mwanzoni mwa karne hii bado ilikuwa inanunua kwa wingi mkubwa mapaja ya Marekani, ambayo watu wake walikuwa wameyapa jina la Rais Bush tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2003 iliweka migao, mwaka 2010 ikakataa nyama iliyooshwa kwa klorini, na Agosti 2014 ikapiga marufuku chakula kutoka Marekani, Umoja wa Ulaya na nchi nyingine kadhaa kujibu vikwazo. Katika kipindi hicho uzalishaji wake ulipanda kutoka chini ya tani milioni moja hadi zaidi ya milioni nne kwa mwaka, na leo Urusi inauza kuku nje. Sababu ilizotaja zilikuwa mchanganyiko wa siasa na afya, nami sizisifu. Ninachokitazama ni kilichofanyika nyuma ya ukuta: mikopo ya muda mrefu, viwanda vikubwa, na nafaka ya kwao wenyewe ya kulishia kuku. Hata hivyo bado ilitegemea mayai ya kutotolea na kuku wazazi kutoka nje, maana mbegu za kuku wa nyama duniani ziko mikononi mwa kampuni chache sana, na mbili kubwa kati yake ni Aviagen na Cobb-Vantress. Kwa hiyo ndugu mfugaji, unapodai mpaka ufungwe, uliza pia mahindi yatatoka wapi, soya itatoka wapi, na kifaranga wako atatoka wapi. Ukuta hauteremshi bei ya chakula cha kuku.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni la haraka kuliko yote.

Oktoba 2023 Ufaransa ilianza kuwachanja bata wake wa kibiashara dhidi ya mafua ya ndege. Katika msimu wa 2021 hadi 2022 ilikuwa imepata milipuko zaidi ya 1,300 kwenye mashamba. Katika msimu wa kwanza baada ya chanjo, milipuko ilikuwa kumi hivi. Na Marekani ilifanya nini siku ile ile chanjo ilipoanza? Ilizuia bidhaa za ndege kutoka Ufaransa, kwa hofu kwamba ndege aliyechanjwa anaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Ina jibu la kitaalamu, ambalo ni ufuatiliaji wa makundi yaliyochanjwa kwa vipimo vya mara kwa mara, jinsi Ufaransa ilivyokuwa inafanya. Lakini wazalishaji wengi wakubwa wa kuku wa nyama duniani wameliona hilo na kuamua kutochanja, si kwa sababu chanjo haifanyi kazi, bali kwa sababu wanaogopa kupoteza masoko. Yaani mamilioni ya ndege wanauawa kila msimu, na wafanyakazi wa mabanda wanaendelea kukaa karibu na virusi, kwa sababu ya kifungu kimoja kwenye cheti.

Na safari hii hatuwezi kusubiri mahakama itusaidie. Chombo cha Rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kimekosa majaji wa kutosha tangu Desemba 2019. Mwaka 2020 Brazil iliposhindana na Indonesia kuhusu vizuizi vya nyama ya kuku, shauri ambalo jopo lilikuwa limelitolea uamuzi tangu 2017, Indonesia ilikata rufaa kwenye chombo hicho kisicho na majaji, na shauri likakwama hapo. Anayezuiwa leo bila sababu hana mahali pa uhakika pa kumaliza kesi yake. Kilichobaki ni makubaliano ya nchi kwa nchi, yaliyoandikwa na watu kama ninyi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa wale mtakaorudi ofisini baada ya mkutano huu. Fungueni vyeti vya afya mlivyokubaliana na kila nchi mnayouziana nayo nyama ya kuku, mtafute kifungu kinachosema ni eneo gani litafungwa siku ya mlipuko, na kama kinasema "nchi nzima", anzeni mazungumzo ya kukibadilisha mwaka huu, wakati mabanda ya pande zote mbili bado ni mazima. Kisha katika mazungumzo hayo hayo wekeni kifungu cha chanjo: ni vipimo gani vitafanywa, kwa kundi la ukubwa gani, kila baada ya muda gani, ili nyama ya ndege aliyechanjwa ipite. Na ninyi wafugaji na waagizaji, ambao mara nyingi mnaitwa baada ya uamuzi kutoka, daini mialiko yenu kwenye vikao hivyo kabla ya rasimu ya kwanza kuandikwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.